Foleni ya Ukaguzi Ndiyo Inayoamua: Maoni kwa Waandaaji wa Mashindano ya Magari ya Wanafunzi

Kila mwaka, majira ya joto yanapowadia Ulaya na Marekani, wanafunzi wa uhandisi kutoka vyuo vikuu vya mabara mbalimbali hupakia kwenye malori magari madogo ya mbio waliyoyabuni, kuyachora na kuyaunda kwa mikono yao katika karakana za vyuo vyao, kisha wakasafiri nayo hadi viwanja vya mashindano. Upande wa Marekani mashindano haya huitwa Formula SAE, na upande wa Ulaya huitwa Formula Student. Nimeyafahamu nikiwa pande zote mbili za meza: kwanza nilikuwa mwanafunzi ndani ya timu, nikishughulika na breki na mfumo wa usukani, na baadaye nikarudi nikiwa mkaguzi wa kujitolea, nimevaa fulana ya waandaaji. Maoni ninayoyatoa hapa ni ya mtu anayeyapenda mashindano haya na anayetaka yadumu, na yote yanatokana na jambo moja. Waandaaji wengi huweka nguvu zao kwenye siku ya mwisho, siku ya mbio ndefu na vikombe, ilhali hatima ya timu nyingi huwa imekwisha kuamuliwa katika siku mbili za mwanzo, kwenye foleni ya ukaguzi wa kiufundi.

Mgawanyo wa alama unalithibitisha jambo hili. Kwa kanuni za Formula SAE, shindano zima lina alama 1,000. Kati ya hizo, alama 325 hupatikana hata kama gari halijasogea: 150 ni za ubunifu wa kihandisi, 100 za gharama na utengenezaji, na 75 za kuwasilisha mpango wa biashara mbele ya majaji. Alama 675 zilizobaki hupatikana gari likiwa barabarani: 100 za kuongeza mwendo katika mita 75 zilizonyooka, 75 za kuzunguka miduara miwili inayogusana kama tarakimu nane, 125 za mzunguko mmoja wa kasi kati ya koni, 275 za mbio ndefu ya takriban kilomita 22, na 100 za matumizi mazuri ya nishati. Timu ambayo gari lake halijabandikwa stika zote za ukaguzi haiwezi kugusa hata moja ya hizo 675. Kwa hiyo mkaguzi aliyeinama chini ya gari na tochi mkononi anashika theluthi mbili ya shindano, na waandaaji wanapopanga watu, mahema, saa na bajeti, wanapaswa kulikumbuka hilo kabla ya kufikiria jukwaa la washindi.

Sisemi kwamba ukaguzi ulegezwe. Magari haya ni madogo kwa umbo tu. Mwezi Septemba 2023, wanafunzi wa Zurich na Lucerne nchini Uswisi waliendesha gari lao la umeme, liitwalo mythen, kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa katika sekunde 0.956, ndani ya umbali wa mita 12.3 tu. Gari lile liliandaliwa mahususi kwa ajili ya rekodi, na magari ya mashindanoni huwekewa mipaka: ya umeme hayaruhusiwi kuzidi kilowati 80, na ya petroli hulazimika kuvuta hewa yote ya injini kupitia tundu lenye kipenyo cha milimita 20, huku ukubwa wa injini ukiwekewa kikomo cha sentimita za ujazo 710. Hata hivyo, ndani yake hukaa kijana wa miaka 20 au 22, sentimita chache kutoka ardhini, amezungukwa na mabomba yaliyochomelewa na wanafunzi wenzake, ambao baadhi yao walishika mashine ya kuchomelea kwa mara ya kwanza mwaka huohuo. Mkaguzi anayekataa kupitisha kiungo kilichochomelewa vibaya anamlinda kijana yule, na mimi nimekataa kupitisha vingi bila kusita.

Malalamiko yangu yanahusu namna ukaguzi unavyopangwa. Nitatoa mfano wa tukio nililolishuhudia katika shindano moja ambalo sitalitaja. Timu moja ilifika kwenye hema la ukaguzi asubuhi, ikakaguliwa na mkaguzi wa kwanza kuanzia mbele ya gari: kanyagio za breki, usukani, mikono ya magurudumu ya mbele. Yote yakapewa alama ya vema. Mchana zamu ikabadilika, mkaguzi wa pili akaanza upande wa nyuma, lakini alipopita mbele kuchukua kalamu yake aliona bolti moja kwenye mkono wa gurudumu ambayo uzi wake ulichomoza nje ya nati kwa mzunguko mmoja tu. Kanuni inataka mizunguko miwili kamili ionekane nje ya nati ya kujifunga. Mkaguzi wa pili alikuwa na haki. Akaandika kosa, akawaambia wabadilishe bolti na warudi, na mlangoni wakaelekezwa wakapange foleni upya, nyuma ya timu zote ambazo hazijakaguliwa kabisa.

Kubadilisha bolti kuliwachukua dakika chache. Foleni iliwachukua mchana wote. Nilimwona binti mmoja wa timu ile amekaa kwenye tairi la akiba, ameishika ile bolti fupi kwenye kiganja, anaigeuzageuza, huku wenzake wakilisukuma gari hatua moja kila nusu saa. Walipopita, ilikuwa imebaki bado mizani, mtihani wa kuinamisha gari, mtihani wa kelele na mtihani wa breki, na dirisha la mbio za mita 75 lilikwisha kufungwa. Alama 100 zilipotea kwa sababu ya milimita moja na nusu ya chuma, na hasa kwa sababu ya utaratibu wa mlangoni uliochukulia marekebisho ya dakika chache sawa na gari lisilowahi kuguswa.

Pendekezo langu la kwanza, basi, ni kutenganisha foleni. Gari linalorudi kuonyesha kwamba kosa lililoandikwa limerekebishwa lisipange mstari pamoja na gari linaloanza. Awepo mkaguzi mmoja, au wawili wakipatikana, ambaye kazi yake ni kuzunguka kwenye mabanda ya timu akiwa na orodha ya makosa yaliyoandikwa, akaona bolti mpya hapohapo ilipobadilishwa na kutia sahihi. Shindano moja nililofanya kazi lilijaribu utaratibu huu kwa makosa madogo pekee, yale yasiyohitaji vifaa vya kupimia, na foleni kuu ikasogea kwa kasi ambayo hakuna aliyeitegemea. Pili, timu zipewe saa zao za kukaguliwa mapema, kwa miadi, badala ya kuachwa zisukumane tangu alfajiri. Mpangilio wa miadi una kero zake, kwa sababu timu ya saa nne itachelewa na kuivuruga ya saa tano, lakini angalau wanafunzi watajua kama wana saa mbili za kulala au hawana.

La tatu ni zito zaidi, nalo ni kuwa na neno moja. Wakaguzi wengi ni watu wa kujitolea: wahandisi wa viwandani waliochukua likizo zao, wahitimu wa zamani wa timu, wakati mwingine wahadhiri. Kila mmoja ameisoma kanuni kwa macho yake. Kitabu cha kanuni kina kurasa zaidi ya 100, na kuna sentensi ndani yake ambazo watu wawili wenye akili timamu wanaweza kuzielewa tofauti. Wanafunzi wanaweza kuvumilia uamuzi mkali, lakini ni vigumu kuvumilia uamuzi unaobadilika kati ya hema namba moja na hema namba mbili. Ninawasihi waandaaji waweke ubao mmoja mahali panapoonekana na kila timu, na kila tafsiri ya kanuni inayotolewa na mkaguzi mkuu iandikwe pale kwa tarehe, saa na namba ya kanuni. Tafsiri ikishaandikwa, iwafunge wakaguzi wote, awamu zote. Pia kila kipengele kilichopitishwa kitiwe sahihi na jina la aliyekipitisha, na kisifunguliwe tena na mkaguzi mwingine isipokuwa kwa sababu ya usalama, na ikifunguliwa kwa sababu hiyo, timu irekebishiwe mahali ilipo bila kurudishwa nyuma. Bolti ile ilistahili kubadilishwa. Timu haikustahili kulipia kwamba mkaguzi wa kwanza hakuiona.

Kuna kazi ya ukaguzi inayoweza kufanywa miezi kabla ya gari kufika uwanjani, na hapa waandaaji wana deni kubwa. Kila timu hutakiwa kutuma jedwali la hesabu linalothibitisha kwamba fremu yake ina uimara unaolingana na mabomba ya chuma yaliyotajwa kwenye kanuni. Timu inayotumia nyuzi za kaboni badala ya chuma hulazimika kuongeza majaribio ya maabara, vipande vilivyokatwa na kuvunjwa kwenye mashine, pamoja na picha za vipande hivyo. Wanafunzi huwekewa tarehe ya mwisho ya kutuma, na wakichelewa hukatwa alama. Upande wa pili, anayesoma hesabu hizo hana tarehe ya mwisho ya kujibu. Nimekutana na timu zilizopata jibu la kutaka fremu ibadilishwe baada ya fremu kuchomelewa, kupakwa rangi na kufungwa injini. Kama tunawataka wanafunzi waheshimu tarehe, nasi tujiwekee tarehe ya kujibu na tuitangaze pamoja na ile ya kwao. Na kama wasomaji wa kujitolea hawatoshi, ni afadhali kupunguza idadi ya timu zinazosajiliwa kuliko kupokea ada za timu ambazo hatuna uwezo wa kuzisoma.

Kuhusu mitihani inayofuata ukaguzi wa meza nitasema kidogo, kwa sababu mingi inakwenda vizuri. Gari huwekwa kwenye jukwaa na kuinamishwa hadi nyuzi 60, huku dereva mrefu kuliko wote katika timu akiwa amefungwa mkanda ndani, ili kuonekana kama magurudumu ya upande wa juu yatainuka au kama mafuta yatavuja. Kelele hupimwa karibu na mdomo wa ekzosi. Magari ya umeme humwagiwa maji kwa sekunde 120, kisha yakasubiriwa sekunde nyingine 120, na kifaa kinacholinda dhidi ya uvujaji wa umeme hakitakiwi kukata. Dereva hutakiwa kutoka kwenye gari kwa sekunde tano akiwa amevaa mavazi yote. Mtihani unaoleta machozi ni wa breki: gari likimbie, dereva akanyage, magurudumu yote manne yafunge kwa pamoja na gari lisimame likiwa limenyooka. Timu nyingi hufeli mara ya kwanza kwa sababu hazijawahi kupata uwanja wa kufanyia mazoezi, na shindano linalotenga njia moja tu ya breki, tena yenye lami iliyojaa mchanga uliopeperuka kutoka kando, huwa linazalisha foleni ya pili baada ya ile ya kwanza. Njia hiyo ifagiliwe kila baada ya magari machache. Kazi hiyo haihitaji mhandisi, inahitaji fagio na mtu aliyekabidhiwa.

Ninapofika kwenye majaji wa ubunifu, hapo ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa sababu naamini ndiko mwanafunzi anakokuja kutafuta kitu ambacho chuo chake hakiwezi kumpa. Kwa alama 150, timu husimama mbele ya wahandisi ambao kazi yao ya kila siku ni magari, na kueleza kwa nini walichagua hiki badala ya kile. Kwa nini springi ziko hapa. Kwa nini injini ya silinda moja na si nne. Kwa nini bawa la nyuma lina ukubwa huu, na mlipima vipi kwamba linasaidia, na je, mlilijaribu barabarani au mliiamini kompyuta peke yake. Jaji mzuri hajali sana jibu lenyewe. Anataka kujua kama nyuma ya jibu kuna kipimo. Nimewaona vijana waliofika wakiringa na gari la kaboni linalong'aa wakapata alama chache kuliko timu yenye fremu ya chuma isiyovutia, kwa sababu timu ya pili ilikuwa na daftari la majaribio yaliyofanywa wiki baada ya wiki na iliweza kusema wapi walitabiri vibaya na kwa kiasi gani.

Tatizo ni kwamba mara nyingi timu huondoka na tarakimu tu. Inapewa, tuseme, 84 kati ya 150, na karatasi yenye visanduku vilivyojazwa kwa haraka, na neno moja pembeni ambalo haliwezi kusomeka. Mwanafunzi aliyetumia mwaka mzima kwenye mfumo wa usukani hajui kama alipoteza alama kwa sababu usukani ni mbaya, au kwa sababu yeye mwenyewe hakuueleza vizuri, au kwa sababu jaji hakufika kwenye upande wake wa gari kabla ya muda kwisha. Mwaka unaofuata atakuwa amehitimu, na wanaorithi mradi watarudia kosa lilelile bila kujua kwamba lilikuwa kosa. Katika kazi ya kufundisha wahandisi, tarakimu isiyo na maelezo ni nusu ya kazi.

Baadhi ya mashindano hutenga muda wa majaji kukaa tena na timu baada ya alama kutolewa, bila kalamu, bila alama mpya, wakizungumza tu. Ninashauri jambo hili liwe sehemu ya lazima ya ratiba na lilindwe kama inavyolindwa mbio ndefu. Robo saa inatosha iwapo jaji aliyekuja ni yuleyule aliyewahoji na ameleta maandishi yake. Aanze na lile lililomvutia, kisha ataje mambo mawili ambayo yangeongeza alama nyingi zaidi kwa jitihada ndogo zaidi, na awaache wanafunzi waulize. Wakati huo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza naye aruhusiwe kusimama karibu, hata kama hakuhusika na ubunifu, kwa sababu ndiye atakayelijenga gari la mwakani. Kuna waandaaji watakaosema ratiba imejaa. Ninaelewa, lakini ratiba hiyohiyo huwa na nafasi ya picha ya pamoja inayochukua karibu saa nzima ya watu wote kusimama juani. Picha inaweza kufupishwa.

Mbio ndefu yenyewe ina ugumu wake. Kilomita 22, madereva wawili, wakibadilishana katikati ndani ya dakika tatu, na baada ya madereva kubadilishana, injini yenye joto lazima iwake tena. Magari mengi hufia hapo, katikati, mbele ya umati, na ni jambo la kusikitisha ingawa halina dhuluma. Dhuluma huja kwenye hali ya hewa. Kwa kawaida magari huingia kwa makundi kwa kufuata nafasi yake katika mzunguko mmoja wa kasi, na mara nyingi yenye kasi zaidi huachwa hadi mwisho ili shindano limalizike kwa kishindo. Mvua ya alasiri ikinyesha, timu bora hukimbia kwenye maji wakati timu za asubuhi zilikimbia kwenye lami kavu. Mbio haziwezi kuwa na mbingu moja kwa wote, na timu zinalijua hilo. Zinachohitaji ni kwamba masharti ya kusimamisha, kuahirisha au kurudia mbio yawe yameandikwa kabla ya wingu la kwanza kuonekana, ili uamuzi usitolewe na watu watatu waliochoka wakinong'ona chini ya mwavuli huku timu kumi zikiwatazama. Vilevile saa ya kuanza isisogezwe mbele na nyuma. Timu hupoza betri na huvalisha madereva kufuatana na saa hiyo, na kila nusu saa inayoongezwa ni dereva aliyevaa nguo nzito zisizoshika moto akitokwa jasho bila sababu.

Koni ikiangushwa, gari huongezewa sekunde mbili. Anayehesabu koni ni mtu aliyesimama pembeni mwa njia kwa saa nyingi, na mara nyingi ni mwanafunzi pia, au mzazi, au mwenyeji wa mji ule aliyeombwa kusaidia. Sekunde zake mbili huweza kupanga upya nafasi kumi za msimamo. Nimewaona watu hawa wakisahaulika: maji hayajafika, zamu haijabadilishwa, redio imekwisha chaji, na hakuna kivuli. Wapewe kivuli, maji, chakula chenye moto na zamu isiyozidi saa mbili, na hesabu yao itakuwa sahihi. Sioni sababu ya kulijadili hili kwa kirefu.

Jambo lingine linawahusu wale wanaotoka mbali, na hapa ninazungumza pia kwa niaba ya wanafunzi wa kwetu Afrika Mashariki wanaoniandikia kuuliza wafanyeje ili washiriki. Kwa timu ya Stuttgart, shindano la Hockenheim, hukohuko Ujerumani, liko mwendo mfupi kwa lori. Kwa timu inayotoka nje ya Ulaya, gari lazima liingie kwenye sanduku la mbao na kusafirishwa kwa meli wiki nyingi kabla, maana yake limalizike kuundwa wakati wengine bado wanakata mabomba. Halafu ipo viza. Barua ya mwaliko inayotoka kwa waandaaji wiki chache kabla ya shindano haina faida kwa mwanafunzi ambaye miadi ya ubalozini inachukua muda mrefu kupatikana. Barua hizo zitoke mara tu timu inapothibitishwa kusajiliwa, ziwe na majina kamili na namba za pasipoti, na awepo mtu mmoja kwa waandaaji anayejibu simu ubalozi unapouliza. Ni gharama ndogo sana kwao, na bila hiyo timu nzima inaweza kulifikisha gari lake bandarini ikakosa dereva wa kuliendesha.

Lakini siamini kwamba njia yetu ni kusafirisha masanduku peke yake. Mashindano haya hayakuanza na viwanja vikubwa. Mwaka 1979 Chuo Kikuu cha Houston kiliandaa mbio ndogo zilizoitwa Mini-Indy, kwa magari yaliyoendeshwa na injini ya Briggs & Stratton ya nguvu farasi tano, yaani injini ya aina inayofungwa kwenye mashine za kukatia nyasi. Mwaka 1981 Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin kikaandaa shindano la kwanza lililoitwa Formula SAE. Uingereza ilifuata mwaka 1998, Ujerumani ikaanza ya kwake Hockenheim mwaka 2006, ikaongeza magari ya umeme mwaka 2010 na magari yasiyo na dereva mwaka 2017. Mita 75 zilizonyooka na miduara miwili yenye kipenyo cha ndani cha mita 15.25 inaweza kuchorwa kwa chaki na koni kwenye maegesho yoyote mapana ya Dar es Salaam, Nairobi au Kampala.

Watu wa kuifanya kazi hii tunao. Wanafunzi wa Makerere walionyesha gari lao la umeme, Kiira EV, mwaka 2011. Kenya imekuwa ikiandaa Safari Rally kwa miongo mingi, na tangu mbio hizo ziliporejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 zikiwa na kituo chake Naivasha, wamekuwepo wakaguzi wa magari na marshali wa barabara wanaojua kazi kwa viwango vya kimataifa. Mtu anayeweza kukagua vyuma vya kumkinga dereva kwenye gari la rali anaweza kuikagua fremu ya wanafunzi baada ya mafunzo mafupi ya kanuni. Ikiwa vyuo vya eneo letu vitaamua kuandaa shindano la namna hii, ningewaomba wasianze kwa kutafuta mdhamini wa vikombe. Waanze na wakaguzi: wawafundishe pamoja, mahali pamoja, juu ya gari moja, hadi wote waandike makosa yaleyale kwenye karatasi zao. Injini iwe ya pikipiki ya kawaida inayopatikana madukani, ili spea isiwe kikwazo, na idadi ya timu katika mwaka wa kwanza iwe ndogo kiasi kwamba kila gari litakaguliwa siku ya kwanza na kukimbia siku ya pili. Magari machache yaliyokimbia yote yatafundisha zaidi ya magari mengi yaliyokwama kwenye foleni.

Nimalizie na namna maoni yenyewe yanavyokusanywa. Waandaaji wengi hugawa fomu usiku wa mwisho, baada ya kutangaza washindi, wakati timu zinafunga vifaa na nusu ya wanachama wamelala sakafuni ndani ya mahema. Majibu yanayopatikana ni ya hasira au ya shukrani, na yote mawili hayasaidii kupanga mwaka unaofuata. Fomu itumwe wiki tatu baadaye, ijazwe na timu kwa pamoja, na iulize mambo yanayopimika: mlifika kwenye hema la ukaguzi saa ngapi, mliondoka saa ngapi, mlirudishwa mara ngapi na kwa kosa gani, mlipata maelezo ya majaji kwa dakika ngapi. Wakaguzi na wahesabu koni nao wajaze ya kwao. Kabla usajili wa mwaka mpya haujafunguliwa, waandaaji watangaze hadharani muda ambao gari lilikaa kwenye ukaguzi kwa wastani, na muda mrefu kuliko wote, pamoja na yale waliyoamua kuyabadilisha na yale waliyoamua kutoyabadilisha, kila moja na sababu yake, ili timu inayolipa ada ijue inakwenda kusimama kwenye foleni ya aina gani.